Jinsi Filamu ya Jogoo Ilivyohakikiwa

Nchi yetu ina amani kuliko nchi zote zinazotuzunguka, na anayebisha hupigwa. Naanza na hilo ili msomaji wa mbali asije akasikia habari za filamu ya jogoo akadhani sisi ni watu wa fujo. Sisi ni watu wa sanaa. Tuna Wizara ya Ulinzi na Burudani, na chini yake tuna Kikosi cha Uhakiki, ambacho askari wake huvaa buti nyeusi, miwani ya kusomea na mkanda wa risasi. Nchi nyingine humwachia mtu yeyote mwenye kalamu aseme filamu hii nzuri, ile mbaya, na matokeo yake kila mwananchi hubaki na maoni yake, wakagombana majumbani. Kwetu uhakiki ni kazi ya jeshi. Kuna uhakiki wa awali, ambao ni makofi. Kuna uhakiki wa kina, ambao hufanywa kwa mpini wa jembe. Halafu kuna uchambuzi. Aliyewahi kuona pamba ikichambuliwa, mbegu huku na nyuzi kule, hahitaji maelezo zaidi.

Mhakiki Mkuu wa siku zile alikuwa Brigedia Hilali Tungaraza, mtu mrefu, msafi, mwenye sauti nzuri. Watunzi walimheshimu sana. Mshairi mmoja alimheshimu mpaka akaacha kuandika. Mwingine aliendelea kumheshimu akiwa wodini, taya limefungwa kwa waya.

Sasa, alikuwapo msusi mmoja, Sikudhani binti Mberwa, ambaye siku za harusi aliacha vitana akashika kamera ya video. Alikuwa na mwenzake wa kazi aitwaye Fumo, kijana mpole, hodari wa picha. Wakiwa katika harusi hizo, Sikudhani aliona mambo: wazee wenye vyeo wakigombea viti vya mbele, maofisa wakijikwaa kwenye mazulia waliyotandikiwa wenyewe. Akaamua kutengeneza filamu ya kuchekesha. Akamwendea mjomba wake, Mzee Lipumbu, fundi wa miavuli, mtu mwenye masikio makubwa na moyo mdogo.

"Mjomba, utakuwa jenerali anayepigana na jogoo."

"Mimi? Mwanangu, mimi mbwa akinibwekea huomba radhi."

"Ndiyo maana nimekuja kwako."

"Na huyo jogoo wenu, ni wa plastiki?"

"Ni wa kweli, Mjomba."

Mzee Lipumbu alijigusa jicho. Alipokuwa mdogo jogoo alimdonoa kope, na tangu hapo hakuwahi kupita penye kuku bila kuzunguka. "Basi," akasema, "uwe unanishika mkono kila mara kabla hatujaanza."

Akamshika mkono kila mara, na filamu ikapatikana. Habari yake ni nyepesi. Jenerali mstaafu anataka kulala, jogoo wa jirani anawika. Jenerali anamtangazia vita. Anamwandikisha jeshi mpishi wake, anachimba handaki katikati ya maharage ya mkewe, anapanga mashambulizi, anashindwa kila upande. Mwisho anamwomba mkewe kitambaa cheupe cha kusalimu amri, mke anampa gagulo, sketi yake ya ndani. Mzee Lipumbu anatoka nalo kwenye handaki, masikio yanatetemeka, na jogoo anamtazama kwa jicho moja kama hakimu. Hakuna zaidi ya hayo.

Filamu ilioneshwa kwa mara ya kwanza katika Ukumbi wa Mshikamano. Mimi nilikuwapo, kiti cha nyuma karibu na mlango, mahali ninapopenda kukaa kwa sababu za kiafya. Brigedia Tungaraza na kikosi chake walikuwa mstari wa mbele. Kila jambo la kuchekesha lilipotokea, ukumbi mzima ulitazama kisogo cha Brigedia ili ujue kama ni la kuchekesha. Kisogo hakikutikisika. Tukauma midomo. Watu walitokwa na machozi, bwana mmoja alijifinya paja mpaka suruali ikalowa damu.

Ilipofika sehemu ya gagulo, mama mmoja mnene aliyekaa mbele yangu alishindwa. Kicheko kilimtoka kama chafya. Askari wawili wakamwinua pamoja na kiti chake wakamtoa nje, nasi tukausikiliza uhakiki wa awali kupitia mlangoni, kofi baada ya kofi, mpaka akanyamaza.

Taa zikawashwa. Brigedia akapanda jukwaani, akavua miwani.

"Ndugu wananchi," akasema kwa ile sauti yake nzuri. "Nimeitazama filamu hii kwa macho yote mawili. Sikucheka. Nimejikagua, mbavu zangu ziko mahali pake. Basi linazuka swali la kitaalamu. Kama hiki si kichekesho, ni nini? Kitu kisicho kichekesho ni habari. Na habari ya jenerali kumkimbia adui ni siri ya jeshi. Jenerali gani huyu? Alikimbia lini? Na huyu jogoo ametumwa na nchi gani?"

Tulipiga makofi kwa nguvu, maana kimya nacho huweza kuhakikiwa.

Mzee Lipumbu akaletwa jukwaani. Alikuwa amevaa kanzu yake ya sikukuu, kwa kuwa aliambiwa siku hiyo angepongezwa.

"Mtaje jenerali," Brigedia akamwambia.

"Ni mimi, bwana mkubwa."

"Wewe ni fundi wa miavuli."

"Ndiyo, bwana mkubwa. Nilikuwa naigiza."

"Unaigiza nini?"

"Uoga."

"Uoga wa nani?"

"Wangu mwenyewe, bwana mkubwa."

Jibu hilo halikukubalika kitaalamu. Mpini wa kwanza ulimpata begani, wa pili magotini, na alipoanguka wakamhakiki wote kwa pamoja. Sikudhani alivunja mstari wa askari akarukia jukwaa.

"Mwacheni! Mimi ndiye niliyeitunga! Hakuna jenerali! Ni mzee anaogopa kuku, basi!"

Brigedia alimtazama kwa huruma, kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi mzito. "Mtunzi akishamaliza kazi, binti, maana si yake tena. Ni ya mhakiki." Akaashiria. Wakamlaza kifudifudi, wakauweka mkono wake wa kulia juu ya ubao, na sajenti mmoja akaukanyaga kwa kisigino, kidole baada ya kidole, asije akatunga tena kwa haraka. Alikuwa kifudifudi hivyo hivyo, uso umeelekea kwa mjomba wake, kiasi cha hatua mbili, wakati mzee anachambuliwa. Mzee aliunyosha mkono kumtafuta. Haukufika. Brigedia akainama, akamgusa shingoni, akasema uhakiki umekamilika. Tukaruhusiwa kwenda nyumbani. Kanda zilichomwa uani, isipokuwa nakala moja katika kadi ndogo kama ukucha, ambayo Fumo alitoka nayo chini ya ulimi huku akiwaitikia askari kwa kichwa.

Sikudhani alimzika mjomba wake kwa mkono wa kushoto. Saluni akaifunga, maana vidole vilivyounga vikapinda haviwezi kusuka. Alikaa ndani na miavuli ya watu ambayo mzee hakuwahi kuimaliza. Wenye miavuli hawakuja kuidai. Majirani walimpelekea uji, akaunywa, akarudisha kikombe kimeoshwa. Hakuna aliyemwona akilia, na wengine walisema huyo amekuwa jiwe.

Fumo ndiye aliyeitoa ile nakala. Sijui alimpa nani kwanza. Ninachojua ni kwamba baada ya muda mfupi filamu ilikuwa kwenye kila simu. Iliangaliwa jikoni, kwa vinyozi, kwenye foleni ya hospitali, hata msibani watu walijifunika khanga moja wakaitazama wanne wanne. Watu waliijua kwa moyo. Ukimwambia mtu "niletee kitambaa cheupe," alilazimika kukaa chini. Na kwa kuwa ilikwisha thibitishwa rasmi kuwa haichekeshi, aliyeicheka alihesabiwa kuwa mgonjwa. Serikali inayojali afya haikukaa kimya. Ugonjwa huo ulitibiwa kwa kung'oa meno ya mbele, ambayo ndiyo huonekana mtu akicheka. Mtaa wetu ulijaa watu wa kuongea huku wameziba mapengo kwa vidole.

Dawa haikufaa. Ndipo Brigedia Tungaraza akagundua chanzo: hata filamu ikifutwa, majogoo wanaikumbusha. Ikaanzishwa Operesheni Alfajiri Tulivu, na jeshi likaingia mitaani kuua kila jogoo. Nataka niseme bila unafiki kwamba askari wetu walipigana kiume. Lakini jogoo haendi vitani kwa utaratibu. Walichimba mahandaki katika bustani za watu, tena, kwa bahati mbaya, kwenye maharage. Koplo mmoja alimfukuza jogoo juu ya bati, akapigwa risasi na mwenzake aliyekuwa akimfukuza huyo huyo kutoka upande wa pili. Nyumba ya fundi cherehani ilirushiwa bomu. Fundi, mkewe na mama mkwe walikufa palepale. Jogoo alitoka kwenye moshi akiwa hana mkia, akapanda juu ya matofali, akawika.

Watu waliokuwa wakitazama wakacheka. Naapa hawakutaka. Walikuwa wanawalilia majirani zao, na katika kulia huko kicheko kikapenya, kikawashika wote, wanaume wakajishika matumbo, wanawake wakakaa vumbini. Askari walidhani wanachekwa wao. Wakafyatua. Sokoni kulimwagika damu na dagaa. Waosha maiti walisema baadaye kwamba wengine midomo ilikataa kufungika, ikabidi wafungwe kitambaa kidevuni.

Habari hizi zilimfikia Mlezi wa Taifa, mkuu wa nchi yetu, kwa njia isiyotarajiwa. Mlezi ni mtu mwenye shughuli nyingi, hawezi kusumbuliwa na kila maiti. Ila asubuhi moja alipokuwa akinywa chai alimsikia mlinzi wake wa mlangoni akiwika taratibu, na mlinzi mwenzake akijikohoza. Akawaita. Wakaanguka miguuni, wakatoa simu. Mlezi akaitazama filamu pale pale mezani, uso umekunjamana. Ilipofika sehemu ya gagulo alitoa sauti ambayo watumishi hawakuwahi kuisikia. Akacheka mpaka chai ikamtoka puani, akateleza kutoka kitini, akagaragara zuliani akipiga sakafu kwa ngumi. Daktari wake aliyekimbilia kumpepea alipigwa risasi ya mguu kwa kosa la kuziba picha.

Alipopata pumzi aliuliza, "Nani aliyesema hii haichekeshi?"

Vidole vyote vya baraza vilimwelekea Brigedia Tungaraza, kikiwamo kidole cha shemeji yake.

Alihakikiwa na kikosi chake mwenyewe, kwa mipini yake mwenyewe, katika ukumbi ule ule. Tuliitwa kutazama. Brigedia alijaribu kuwakosoa, akasema pigo la pili halikutokana na la kwanza, hakuna mtiririko. Wakamvunja taya kidogo. Wale vijana aliwafundisha vizuri mno. Walimpiga kwa moyo, wengine wakalia kwa furaha. Aliachwa hai kwa kuwa Mlezi alikuwa amefikiria jambo lingine.

Sikudhani alichukuliwa nyumbani kwake kwa gari la kifahari, akafikishwa Ikulu. Fumo alikwenda naye, ndiye aliyenisimulia. Mlezi alimvisha nishani kifuani kwa mkono wake, akasema taifa linamdai sehemu ya pili.

"Na yule mzee," Mlezi akasema, tayari ameanza kucheka tena. "Yule mwenye masikio! Namtaka yule yule."

"Amefariki, Mheshimiwa," Sikudhani akasema.

"Kwa ruhusa ya nani?"

Katibu mmoja akamnong'oneza. Mlezi akatikisa kichwa kwa masikitiko, akawaza, kisha uso ukamng'aa.

"Haki itendeke," akasema. "Aliyesababisha nafasi ikawa wazi ndiye atakayeijaza."

Hivyo ndivyo Brigedia Hilali Tungaraza alivyopata kuwa mwigizaji.

Njiani kurudi Fumo alimwuliza, "Dada, utaweza?"

"Kuweza nini?"

"Kumwona kila siku."

Sikudhani aliutazama mkono wake. "Nimemwona tangu siku ile, Fumo, kila nikifumba macho. Afadhali nimwone nikiwa nimefumbua."

Mimi nami niliajiriwa katika sehemu ya pili. Nilikuwa maiti. Tulikuwa maiti wengi, tumelala katika uwanja wa gwaride wa kambi, kwa sababu hadithi ilikuwa ya jenerali yule yule akidai ameshinda vita na kupandisha bendera mbele ya wafu wake. Tuliagizwa tusisogee hadi tuambiwe. Jua lilikuwa kali, ila maiti mzuri hatoki jasho, kwa hiyo nilijitahidi.

Brigedia aliletwa amevaa sare ya jenerali iliyompwaya. Alikuwa amekonda, meno yamebaki ya upande mmoja. Alikwenda moja kwa moja kwa Sikudhani, akasimama wima.

"Shikamoo, mama," akasema.

Alikuwa mkubwa kwa Sikudhani kwa umri wa mzazi. Sikudhani hakuitikia. Alimwonesha mlingoti na ngazi iliyoegemezwa. "Unapanda mpaka juu. Kamba inakuzonga. Unapiga saluti, ngazi inakukimbia, unaanguka kwenye godoro."

"Nipige saluti kabla ya kuanguka au wakati wa kuanguka?"

"Utakavyoona."

Akapanda. Ngazi ikamkimbia. Na hapo, ndugu msomaji, nasema kweli tupu: mtu yule alikuwa na kipaji. Alipokuwa hewani aliikumbuka saluti, akaipiga, akaona haikunyooka, akairekebisha, na ndipo akafika chini. Kisha akainuka, akaitafuta kofia, akaivaa nyuma mbele kwa heshima zote. Maiti wote tulicheka. Fumo kamera ilimtikisika. Na Sikudhani alicheka. Alicheka kwa sauti, ameziba mdomo kwa vile vidole vilivyopinda, mabega yanaruka, kama mtu aliyekuwa na kiu miezi mingi akapewa maji.

Brigedia alimwona. Uso wake uliovunjika ukachanua. "Imechekesha, mama?" akauliza.

Kicheko cha Sikudhani kilikatika. Nilikuwa karibu, nikaona kinavyokatika. Aliushusha mkono kutoka mdomoni akautazama, kama mwizi aliyekamatwa nao ndani ya nyumba ya mtu.

"Rudia," akasema.

Akarudia. Ilikuwa nzuri vilevile. Tukacheka tena, ila si sana.

"Ondoeni godoro. Linaonekana kwenye picha."

"Halionekani, dada," Fumo akasema.

"Linaonekana."

Likaondolewa. Brigedia aliitazama sakafu ya saruji, akatazama juu, akapanda. Alipoanguka safari hii tulisikia kitu kikivunjika mkononi. Saluti aliipiga kwa mkono wa pili.

"Rudia."

Akapanda kwa mkono mmoja, akishika ngazi kwa meno aliyobakiwa nayo. Alianguka ubavu. Aliinuka kwa shida, damu inamtoka sikioni, akaitafuta kofia, akaivaa. Hakuna maiti aliyecheka. Askari waliokuwa wakilinda uwanja walitazamana, mmoja akageuka akatapika nyuma ya gari.

Fumo aliiacha kamera, akaja akachuchumaa kando ya kiti cha Sikudhani. "Dada yangu. Tulikwisha ipata tangu mara ya kwanza. Inatosha."

"Bado."

"Mjomba hakuwa mtu wa hivi."

"Mjomba amekufa," Sikudhani akasema. "Rudia."

Fumo alisimama. Akaizima kamera, akaifunga kifuniko chake taratibu, akaitia mkobani, akaondoka bila kuaga. Watu wa taa wakakunja nyaya zao, wakamfuata. Maiti mmoja baada ya mwingine wakainuka wakajipangusa vumbi wakaenda zao, na askari hawakuwazuia. Mimi sikuambiwa niinuke, nami ni mtu wa kufuata taratibu, nikabaki.

Uwanja ukawa mtupu, hakuna kitu ila mlingoti, ngazi na kiti kimoja. Brigedia alikuwa amelala chini, anahema kwa sauti ya maji. Aligeuza kichwa, akapaona mahali kamera ilipokuwa pamebaki alama za miguu yake mitatu. Akamtazama Sikudhani. Sikudhani alikuwa akilia, machozi yanashuka mpaka kwenye nishani, na hakuyafuta.

"Mama," Brigedia akasema, "kamera haipo."

"Naona."

Alisubiri kidogo. Kisha akajivuta kwa kiwiko mpaka kwenye ngazi, akaisimamisha kwa bega, na kuanza kupanda.